Taya Linapokwaruza: Ni Nini Kinachoivunja Gegedu?

SWALI

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 47, na ninaishi Tabata, ambako nimekuwa fundi cherehani tangu nilipomaliza shule. Ninakuandikia kuhusu taya langu la upande wa kulia, ambalo limeninyima raha kwa muda mrefu, na nimepewa majibu mengi yanayopingana hata sijui tena nimsikilize nani.

Lilianza kwa kulia "tak" kila nilipopiga mwayo au kung'ata kitu kikubwa. Halikuwa linauma, kwa hiyo sikujali. Baada ya miaka kadhaa mlio ule ulitoweka nikafurahi, kumbe ndipo shida ilipoanza: asubuhi kinywa kikawa hakifunguki vizuri, na sasa kila ninapotafuna nasikia mkwaruzo karibu kabisa na sikio. Maumivu huanzia mbele ya sikio, hupanda hadi kwenye panja na kushuka hadi kwenye meno ya nyuma. Nilianza kwa kutumia dawa ya matone kwa sababu niliambiwa ni sikio, kisha nikang'olewa gego katika zahanati moja kwa sababu niliambiwa ni jino, lakini maumivu yakabaki palepale. Mwishowe nilipigwa eksirei, na aliyeisoma akaniambia kwamba mfupa wa kiungo cha taya umelika na gegedu, lile tabaka nyororo linalofunika ncha za mifupa kiungoni, imekwisha. Akaniandikia diklofenaki, akasema ni umri tu, nizoee.

Daktari, jibu hilo halijaniridhisha. Mama yangu amepita miaka sabini na bado anatafuna mahindi ya kuchoma bila shida yoyote. Binti yangu anayesoma sayansi chuoni ameniambia alisoma kwamba ni seli za gegedu zenyewe zinazoivunja gegedu, na hilo limenitia hofu zaidi, kwa maana kama mwili wangu unajila wenyewe, nitauzuiaje? Jirani anasema ni upungufu wa kalsiamu, na kuna duka Kariakoo linauza unga unaodaiwa kuotesha gegedu upya, ila bei yake si ya mchezo.

Naomba unieleze bila kunificha: ni nini hasa kinachoila gegedu yangu? Je, ni vijidudu, ni kukosa madini, au ni mifupa kusuguana? Inaweza kuota tena? Na je, niendelee kumeza diklofenaki kila siku, ikiwa nina presha na tayari ninatumia dawa zake? Kwa sasa natafunia upande wa kushoto tu ili kuupumzisha ule wa kulia, na kazi naendelea nayo kama mafundi wote, pini mdomoni na uzi naukata kwa meno.

Fundi wa Tabata

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana kwa maumivu, na pole zaidi kwa kuzungushwa kiasi hicho. Ningependa nianze na binti yako, kwa sababu majibu ya maswali yako mengine yanatokana na alichokuambia: amesoma sawasawa. Gegedu ya kiungo cha taya haimalizwi na kusuguana peke yake, wala haikuliwa na kijidudu chochote. Inavunjwa na seli zilezile zenye kazi ya kuijenga, pale zinapolemewa na mzigo na kupokea ishara zinazozigeuza kazi. Naelewa kwa nini habari hiyo ilikutia hofu. Hata hivyo mimi naiona kuwa ina matumaini makubwa kuliko lile neno la "ni umri tu", kwa maana kitu kilichochakaa hakina la kufanya ila kuendelea kuchakaa, ilhali seli iliyo hai huitikia mazingira yake, na mazingira yakibadilika inaweza kutulia.

Kwanza kiguse kiungo chenyewe. Weka ncha za vidole vya shahada mbele kidogo ya matundu ya masikio, kisha fungua kinywa polepole. Utahisi kifundo cha mfupa kikizunguka kwanza mahali pake, halafu kikiteleza kwenda mbele na kuacha kishimo kidogo chini ya kidole. Kifundo hicho ni kichwa cha taya la chini, nacho hucheza katika bonde lililo kwenye mfupa wa kando ya fuvu, na kati ya mifupa hiyo miwili kuna kisahani cha nyuzi ngumu kinachosafiri pamoja na kifundo. Tundu la sikio limepakana kabisa na kiungo hiki, na mshipa wa fahamu unaokihudumia ndio huohuo unaopeleka matawi sikioni na kwenye panja. Ndiyo maana watu wengi wenye tatizo lako huanza safari yao kwa matone ya sikio. Misuli ya kutafuna nayo, inapokakamaa kwa ajili ya kukilinda kiungo kinachouma, hupeleka maumivu hadi kwenye magego, na jino lisilo na kosa likang'olewa. Ule mlio wa zamani kwa kawaida hutokana na kisahani kilichotoka mahali pake na kurudi kila kinywa kinapofunguka. Ulipotoweka na kinywa kikawa kizito, yaelekea kisahani kilikuwa kimeacha kurudi, na kifundo kikaanza kubeba mzigo bila kinga yake.

Sasa tuingie ndani ya gegedu. Haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Seli zake, ziitwazo kondrositi, ni chache na zimetawanyika, nazo hupata lishe kutoka katika ute wa kiungo unaopenya kidogo kidogo. Kilichobaki, ambacho ndicho sehemu kubwa ya gegedu, ni maji pamoja na vitu vilivyotengenezwa na seli hizo: nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na katikati ya nyuzi hizo molekuli kubwa ziitwazo agrekani, ambazo huvuta maji na kuyashikilia, hivi kwamba gegedu hubonyea inapolemewa na kujaa tena mzigo unapoondoka, kama sponji ya godoro. Gegedu ya taya ina umbile lake la pekee. Kwenye goti kolajeni iliyotawala ni ya aina ya II, lakini uso wa kifundo cha taya umefunikwa na tabaka la nyuzi za kolajeni ya aina ya I, zilizo imara zaidi dhidi ya kuvutwa na kusukumwa kwa upande, na ile ya aina ya II imo katika tabaka za chini. Umbile hilo linakifaa kiungo ambacho hugeuka na kuteleza kwa wakati mmoja, tunapokula, tunaposema na tunapopiga mwayo.

Seli hizi huhisi mzigo. Katika utando wake kuna vijilango vya protini, miongoni mwake Piezo1 na Piezo2, ambavyo hufunguka seli inapobanwa na kuruhusu kalsiamu kuingia. Mzigo wa wastani ni wa lazima, kwa kuwa ndio unaoziamsha seli kutengeneza kolajeni, agrekani na lubrisini, ile protini inayoufanya uso wa kiungo uteleze. Kiungo kisichotumika kabisa nacho hudhoofika. Tatizo huja mzigo unapozidi kipimo, au unapodumu bila nafasi ya kupumzika. Hapo kalsiamu huingia kupita kiasi, seli nyingine hufa kwa ule utaratibu wa kujiua ambao binti yako atakuwa ameusoma kwa jina la apoptosisi, na zile zinazosalia hubadili mwenendo. Ndani yake huamka protini iitwayo NF-kappa B, ambayo huingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni zilizokuwa zimetulia. Seli huanza kutoa kemikali za ujumbe kama interlukini-1 beta, interlukini-6 na TNF-alfa, ambazo ndizo huleta mchochota, yaani lile itikio la mwili la joto, uvimbe na maumivu. Ujumbe huo huzifikia seli jirani, huirudia seli iliyoutoa, na utando unaozunguka kiungo nao hujibu kwa kuongeza wa kwake.

Kinachofuata ndicho kiini cha swali lako. Seli zilizopokea ujumbe huo hupunguza ujenzi na kutoa vimeng'enya, yaani protini zenye kazi ya kukata molekuli nyingine. Vinavyotangulia ni ADAMTS-4 na ADAMTS-5, ambavyo hukata agrekani, na agrekani ikiondoka maji huondoka nayo, gegedu ikabaki laini na isiyostahimili kubanwa. Hatua hiyo bado inaweza kurekebika, kwa sababu seli iliyotulia huweza kutengeneza agrekani mpya. Baadaye huja MMP-13, kimeng'enya ambacho hukata nyuzi zenyewe za kolajeni ya aina ya II, na hapo hasara huwa ya kudumu, kwa kuwa kolajeni ya gegedu ya mtu mzima karibu haibadilishwi kabisa. Watafiti walioipima katika gegedu ya binadamu walikadiria kwamba ingechukua zaidi ya miaka 100 kwa nusu yake kufanywa upya. Ndiyo sababu nawasihi wagonjwa wasisubiri hadi kinywa kishindwe kufunguka.

Linalonishughulisha zaidi katika ugonjwa huu, na ambalo wagonjwa wachache sana huelezwa, ni kwamba mabaki ya uvunjaji huo ni kichocheo cha uvunjaji mwingine. Vipande vya kolajeni na vya protini nyingine iitwayo fibronektini huelea ndani ya kiungo, na seli huvitambua kuwa ni dalili ya jeraha, kisha zikajibu kwa kutoa vimeng'enya zaidi. Si hivyo tu. Kila seli ya gegedu imezungukwa na ganda jembamba linaloitenga na nyuzi za kolajeni ya aina ya II. Ganda hilo likivunjwa, nyuzi hizo huigusa seli moja kwa moja kwenye kipokezi kiitwacho DDR2, na mguso huo peke yake huiamrisha seli kutengeneza MMP-13 nyingine. Kwa hiyo mzigo uliouanzisha ugonjwa unaweza kuwa umekwisha, na bado uvunjaji ukaendelea kwa muda. Hapo ndipo wengi hukata tamaa: wanapumzisha taya kwa siku chache, hawaoni nafuu, wanarudia yale yale.

Kukaza meno kuna madhara yake mengine. Mtu anapoyakaza kwa muda mrefu, shinikizo ndani ya kiungo hupanda hadi kuibana mishipa midogo ya damu ya utando wake, na anapoachia damu hurudi kwa ghafla. Kwa mujibu wa nadharia iliyoelezwa na wataalamu wa kiungo hiki tangu miaka ya 1990, kurudi huko huzalisha molekuli kali za oksijeni zinazokatakata asidi ya hayaluroniki, kitu kinachoupa ute wa kiungo uzito wake wa kulainisha. Ute ukiwa mwepesi msuguano huongezeka, kisahani huanza kunata, na mzigo juu ya seli huongezeka tena. Msuguano, basi, umo katika ugonjwa huu, lakini umo kama mmoja wa vichochezi vya seli.

Mfupa ulio chini ya gegedu nao haukai pembeni. Baadhi ya seli za gegedu iliyoumia hujigeuza na kufanya kama zinataka kujenga mfupa: huvimba, hutengeneza kolajeni ya aina ya X, na hutoa kemikali iitwayo VEGF inayokaribisha mishipa ya damu mahali ambapo haikupaswa kuwepo. Pamoja na damu huja osteoklasti, zile seli zinazomung'unya mfupa, zikachimba vishimo, na mwili ukajaribu kuziba kwa mfupa mgumu zaidi au kwa vichomozi pembeni. Hayo ndiyo yaliyoonekana katika picha yako. Nakuomba ulizingatie hili, kwa kuwa limewavunja moyo wengi: eksirei haioni gegedu. Inaona mfupa. Aliyekuambia kwamba gegedu "imekwisha" alikuwa anakisia kutokana na umbo la mfupa, na umbo la mfupa halifuatani na maumivu. Wapo watu wenye vifundo vilivyolika sana wasiohisi chochote, na wapo wanaoteseka huku picha zao zikiwa karibu na za kawaida. Gegedu, kama nilivyosema, haina mishipa ya fahamu, hivyo unachohisi kinatoka kwenye utando, mfuko wa kiungo, mfupa na misuli, na vyote hivyo vinaweza kutulizwa hata kama gegedu haijarudi.

Kuhusu umri, mama yako anatosha kuwa ushahidi. Ni kweli kwamba seli zinazozeeka hukusanyika na kutoa kemikali za mchochota, lakini ugonjwa huu wa taya huwapata pia watu wa miaka ishirini na thelathini, mapema kuliko ule wa goti. Ni kweli pia kwamba matatizo ya kiungo cha taya kwa ujumla, ambayo taasisi ya taifa ya Marekani ya utafiti wa meno na kinywa inakadiria kuwa yanawapata kati ya asilimia 5 na 12 ya watu, huwapata wanawake takriban mara mbili ya wanaume, na kwamba seli za kiungo hiki zina vipokezi vya homoni ya estrojeni. Hilo linakuweka katika kundi lenye uwezekano mkubwa zaidi, ila halikufanyi uhukumiwe.

Upungufu wa kalsiamu hauhusiki. Kalsiamu ni madini ya mfupa, na gegedu haikujengwa kwayo. Kuimeza kwa wingi hakutaifikia seli iliyolemewa, wala kutaizuia kutoa vimeng'enya. Ule unga wa Kariakoo nisingeununua. Mwongozo wa wataalamu wa nchi mbalimbali kuhusu maumivu sugu ya taya, uliochapishwa katika jarida la tiba la BMJ mwezi Desemba mwaka 2023, unashauri kwa tahadhari kutotumia virutubisho vya gegedu kwa tatizo hili, na unaweka mbele mazoezi ya taya yanayosimamiwa na mtaalamu, kunyooshwa kwa kiungo na misuli kwa mikono yake, na mafunzo ya kubadili mazoea na kukabiliana na maumivu. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuiotesha gegedu ya taya upya. Utafiti unaendelea, nao unatia moyo: mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kwamba tabaka la juu la kifundo cha taya lina seli shina zake zenyewe, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, na kwamba katika sungura seli hizo ziliweza kusaidiwa kukarabati jeraha. Sungura si binadamu, na anayekuuzia leo chupa au kopo kwa ahadi hiyo anakuuzia kitu ambacho hana.

Sasa kazi yako. Ukiukata uzi kwa meno ya mbele, kifundo hubeba mzigo mkubwa zaidi kuliko unapotumia nguvu ileile kwa magego, kwa sababu meno ya mbele yako mbali zaidi na misuli inayofunga kinywa. Ukizishika pini kwa midomo na meno, unaikaza misuli hiyo kwa muda mrefu bila kujua. Nunua mkasi mdogo uufunge kwa utepe shingoni au kwenye mkono wa cherehani, na pini zichomeke kwenye kijimto unachoweza kukishona mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa ndani ya muda mfupi. Sikuambii hili kama jambo dogo la kuongezea mwishoni. Kwa hali yako naliona kuwa na uzito kuliko dawa yoyote ninayoweza kukuandikia.

Kutafunia upande wa kushoto kunakuumiza, ingawa nia yako ilikuwa njema. Tunapong'ata kitu kigumu upande mmoja, kiungo cha upande wa pili ndicho kinachobanwa zaidi, kwa hiyo kila ulipotafuna nyama ngumu kushoto uliutwika upande wa kulia mzigo uliotaka kuuepusha. Tafunia pande zote mbili, na badala ya kubadili upande badili chakula: kwa miezi michache acha miwa, mahindi ya kuchoma, mihogo mibichi, mishikaki migumu, bablishi na barafu, ule wali, ugali laini, ndizi za kupika, mtori, maharage yaliyoiva vizuri na samaki, na matunda uyakate vipande vidogo. Unapokuwa kwenye cherehani jizoeze midomo ifumbe huku meno yakiwa hayagusani, ulimi ukiegemea taratibu nyuma ya meno ya mbele ya juu. Wateja wakikuharakisha utajikuta umeyakaza. Yaachie tena, bila kujilaumu. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, kikiwekwa mbele ya sikio kwa dakika 15 hadi 20 asubuhi na jioni, hulegeza misuli. Ukihisi mwayo unakuja, tegemeza kidevu kwa ngumi ili kinywa kisipanuke kupita kiasi.

Diklofenaki ya kila siku, hapana. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza mchochota na zina nafasi yake kwa siku chache maumivu yanapopamba moto, lakini hupandisha presha, hudhoofisha kazi ya baadhi ya dawa za presha, na zikitumika mfululizo huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Usizinunue tena kwa utaratibu wako mwenyewe. Mwone anayekutibu presha, apime presha na figo, kisha mzungumzie njia nyingine. Jeli ya diklofenaki inayopakwa mbele ya sikio, kwa mfano, huingia katika damu kwa kiasi kidogo zaidi.

Unaweza kupewa ushauri wa mambo mengine, na ni vizuri ukayajua kabla. Kinga ya meno ya plastiki inayovaliwa usiku na kuvuliwa asubuhi inaweza kumsaidia mtu anayesaga meno usingizini, mradi isiwe ile inayobadili moja kwa moja namna meno yanavyokutana, na usikubali kuchongwa meno yako kwa ajili ya kiungo. Kuosha kiungo kwa sindano mbili, njia iliyoelezwa mwaka 1991 na Dorrit Nitzan na wenzake, hutoa nje kemikali na vipande nilivyovitaja, na wapo wanaofunguka kinywa baada yake, lakini mwongozo ule wa BMJ hauiweki mbele kwa maumivu sugu, nami singeianza kabla ya mazoezi. Upasuaji ni wa mwisho kabisa. Katika miaka ya 1980 maelfu ya wagonjwa nchini Marekani waliwekewa visahani bandia vilivyopakwa Teflon. Chini ya mzigo wa kutafuna visahani hivyo vilipukutika, chembe zake zikaamsha seli zinazomeza uchafu na kumung'unya mfupa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka za huko zikaviondoa sokoni. Viungo bandia vya leo ni bora zaidi, lakini ni vya watu ambao kiungo chao kimeharibika kabisa, na kwa uliyonieleza wewe hujafika huko.

Tarajia nafuu ya polepole, kwa wiki na miezi, kwa sababu ile duru ya vipande na vimeng'enya huchukua muda kupungua. Kwa wagonjwa wengi kiungo hutulia baada ya miezi au miaka, uso wa mfupa ukajifunika upya kwa tabaka gumu, maumivu yakapungua au kuisha, na mkwaruzo ukabaki kama sauti tu. Sauti hiyo ikibaki bila maumivu haihitaji tiba.

Lakini usikae nyumbani ukiona meno ya mbele yameacha kukutana kama zamani, kidevu kinaelekea upande mmoja, uvimbe mbele ya sikio, homa, ganzi usoni, au viungo vingine kama vya vidole vikivimba na kukakamaa kila asubuhi, kwa kuwa hiyo ya mwisho huweza kuwa baridi yabisi inayohitaji vipimo vya damu na dawa tofauti kabisa. Na maumivu ya taya yanayokuja unapopanda ngazi au kutembea kwa haraka, yakaondoka ukipumzika, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, hasa kwa mtu mwenye presha, kwa sababu yanaweza kuwa ya moyo.

Kutoka Tabata, Hospitali ya Amana iko karibu nawe. Anzia kliniki yake ya kinywa na meno, uombe rufaa kwenda kwa madaktari wa upasuaji wa kinywa, taya na uso katika Hospitali ya Muhimbili, na umwone pia mtaalamu wa fiziotherapia. Nenda na ile picha ya eksirei na dawa zako zote katika mfuko mmoja, pamoja na zile za presha, na uombe upana wa kinywa chako kinapofunguka upimwe kwa rula, kutoka ncha za meno ya juu hadi za meno ya chini, na kipimo hicho kiandikwe kwenye faili lako kwa milimita, ili atakayekuona mara ijayo awe na kitu cha kulinganishia.